Pembe Mbili za Sanduku la Mjusi

Naikumbuka siku moja ya mwezi wa sita kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na hili mama yako asilisikie. Nilikuwa mwalimu kijana, nimehamishwa kutoka Mbeya kuja Sumbawanga, nimepanga chumba pale Chanji kwa mama mmoja mjane. Tulimwita Mama Sesilia, na mtaa mzima ulimjua kwa pombe yake ya ulezi na kwa ulimi wake. Siku hiyo nilikaribia kumuua mjusi kwa kumpenda.

Usicheke kwanza, mwanangu. Tangu uniambie habari za huyo mjusi wako mwenye madoa ya chui, anayekaa kwenye sanduku la kioo na kuwashiwa umeme, ukaniuliza umwekee joto la kiasi gani, yule wangu hanitoki kichwani.

Nilimpata kwenye kijiji cha Kabwe, kule ziwani, shule iliponituma kununua dagaa. Kule ni joto, na mijusi wamejaa kwenye mawe ya ufukweni. Nikamkamata jike mmoja mnene. Ukimwinua kwenye mwanga unayaona mayai mawili tumboni kupitia ngozi. Nikasema, somo la sayansi la darasa la tano ni hili hapa. Nikampandisha huku juu kwa lori, ndani ya kopo la maziwa nililolitoboa matundu. Watoto wakampa jina Kabwe, wakaanza kusubiri mayai. Kila asubuhi, shikamoo haijaisha mdomoni: "Mwalimu, ametaga?"

Lakini mwezi wa sita wa huku kwetu Ufipa unaujua. Upepo unakata masikio. Kabwe akakakamaa, panzi wakampita puani asiwatazame. Nikaogopa kwamba atakufa na mayai yake tumboni, nami nimeshawaahidi watoto. Hapo ndipo nilipojitia ufundi.

Nikatengeneza sanduku la mbao, upande mmoja kioo cha dirisha, sakafu yake bati la debe. Nikaliinua juu ya matofali, chini nikaweka makaa ya moto. Kitabu kilisema mnyama wa nchi ya joto anataka nyuzi thelathini hivi, basi nikaazima kipimajoto cha shule nikakifunga juu, karibu na kifuniko. Makaa nikayatandaza sawasawa, kona hadi kona. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, mwanangu. Kila siku tulifundisha kwamba kila mtu apate sawa, na neno hilo lilikuwa zuri, hata leo silikani. Ila mimi nililifikisha hadi kwenye makaa. Nilijisifu kabisa kwamba hakuna pembe iliyopendelewa.

Kipimo kikasoma thelathini. Nikakaa na chai yangu nikimtazama Kabwe anavyopanda kioo, anateleza, anapanda tena, mdomo wazi. Nikadhani amechangamka. Nikamwita Mama Sesilia aje ashangae.

Akaja na mikono iliyolowa, ametoka kugeuza ulezi wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Huyo anacheka au analia?"

"Amepona, mama! Tazama kipimo."

Kipimo hakukitazama. Aliingiza mkono, akalaza kiganja kwenye bati, akautoa upesi. Kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, mjusi anatembea kwa kichwa?"

"Hapana, mama."

"Anatembea kwa tumbo. Wewe umempimia kichwani. Huku chini mtoto wa watu anaungua, na hata pa kukimbilia hujambakizia."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikatia mkono wangu na mimi, nikaupata moto wenyewe. Tumbo la Kabwe lilikuwa limeiva wekundu, tumbo lile lile lenye mayai. Niliona aibu, mwanangu, na aibu ya msomi ni nzito kwa sababu anakuwa ameitafuta kwa kitabu.

Mama Sesilia hakuendelea kunisema. Aliyakwangua makaa yote, akarudisha machache chini ya pembe moja tu, na juu yake, kwenye bati, akaweka jiwe bapa. Pembe ya pili akaiacha na ubaridi wa chumba, akaimwagia udongo wenye unyevu kidogo. Kila pembe akaiwekea kigae cha chungu ili mjusi ajifiche atakako. Halafu akanipeleka jikoni kwake kunionyesha gunia la ulezi aliouloweka uote kimea. Lilikuwa hatua moja kutoka mafigani.

"Nikilisogeza karibu na moto linaoza," akasema. "Nikiliweka mbali halioti. Mimi kipimo sina. Nina mkono, na naligusa asubuhi na jioni."

"Sasa mama, joto sahihi la mjusi ni lipi?"

"Nitajuaje mimi? Muulize yeye. Mpe pa kwenda huku na huku, atakujibu kwa miguu."

Siku mbili nzima Kabwe alijilaza pembe ya baridi, hali kitu. Watoto walipouliza, niliwaambia ukweli, kwamba mwalimu wao alikosea na huenda mayai yasionekane. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: siku ya tatu asubuhi nikamkuta juu ya jiwe la joto, amejitandaza. Mchana akarudi kivulini. Jioni akala panzi wawili, nami nikacheka peke yangu chumbani.

Wiki iliyofuata akataga. Mayai mawili meupe, kama njegere. Hakuyaweka kwenye pembe ya jiwe wala kwenye pembe ya udongo. Aliyabandika katikati ya sanduku, mahali ambapo mimi na Mama Sesilia hatukuwa tumepawazia kabisa.

"Amekujibu," akasema yule mama, akarudi kwenye ulezi wake.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kipimajoto chako kishushe sakafuni, tumbo linapolala, usikibandike juu kwenye kioo. Upande mmoja uwe wa joto, nyuzi thelathini na moja au mbili pale anapojificha. Upande wa pili uache upoe, ishirini na tano hivi. Usiku joto lipungue kidogo, ila asipigwe na baridi yetu ya Sumbawanga. Maficho awe nayo pande zote mbili. Kisha kaa umtazame anakolala, kwa kuwa hilo hakuna kitabu kitakachokuambia. Na utakapolea watoto, walee hivyo hivyo. Mimi nilijitahidi kukulea hivyo, na ulipochagua mahali nisipopawazia, nilimkumbuka Kabwe nikanyamaza.

Mungu akujalie nyumba yenye pembe ya joto na pembe ya ubaridi. Na siku kipimo chako kitakapokudanganya, akuletee mtu wa kutia mkono sakafuni. Amina.