Kaske nyeupe na muti ya avoka

Leo muke wangu amenicheka mpaka akakaa chini mu lupango, palepale uani.

Nilikuwa naangusha muti ya avoka hapa kwetu Likasi. Mama Odile akatoka na kaske yangu nyeupe, ile kofia ngumu ya ku usine, kiwanda nilichofanyia kazi.

"Baba Odile, leo utaivaa."

Muke wangu iko na haki.

Miaka ya tisini, mushahara ilipokatika, tuliingia mu pori njia ya Kambove kukata miti ya kuchoma makala, makaa ya kuuza. Kila asubuhi ananiambia: vaa kaske! Minye nakataa. Kaske nyeupe ni ya shefu, na shefu hachomi makala, si ndiyo? Tena usine ikituita, nirudi na kaske ya mikwaruzo?

Basi kaske ikabaki ku ukuta. Kila siku ya Mungu, nikitoka misa, naipangusa.

Siku moja kule pori, tawi likaniangukia mu kichwa. Ku hospitali wakanishona nyuzi saba.

Usine haijaniita mpaka leo. 😅

Haya, leo nimevaa. Nakata, nakata... avoka moja ikaanguka juu yangu: to!

Nikatupa shoka, nikavua kaske mbio, nikaigeuza ku jua niangalie kama imekwaruzwa.

Mama Odile: "Na kichwa? Kichwa utaangalia lini?"

Bandugu, chekeni tu, hata weye uliye mbali.

Lakini kaske haina mukwaruzo hata moja. Nimeshaipangusa, nimeirudisha ku ukuta.