Upweke Ulioanza Baada ya Karantini

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kituo cha afya kule Musaga, nikingoja majibu ya vipimo. Kwenye benchi langu, dada mmoja mtafiti alikuwa akimhoji mama wa makamo aliyetoka karantini ya mpox. Alikuwa na karatasi ya maswali ya kupima jinsi watu wazima walivyostahimili kutengwa.

"Mama, siku zile mulifungiwa, mulisikia upweke mara ngapi? Kila siku, mara kidogo, ao hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Mtafiti akainua kichwa. "Kweli, mama?"

"Tulikuwa wamama sita mu chumba. Tulikuwa tunasali, tunasukana, tunacheka mupaka muganga anatugombeza."

Mtafiti akatia alama. Yule mama akamshika mkono taratibu.

"Uniulize ya sasa, mutoto wangu. Jirani yangu ameondoa kiti chake pa mulango wangu. Mu kanisa, benchi muzima ninakaa mi peke yangu."

Dada alitafuta mbele na nyuma ya karatasi. Maswali yote yaliishia siku ya kuruhusiwa. Mwishowe akaandika maneno hayo pembeni, kwa herufi ndogo.

Ningependa kuwaambia wasomaji kwamba nilisogea karibu na yule mama. Ukweli ni kwamba niliposikia neno karantini nilihamia mwisho wa benchi, nikabaki huko huko.

Mtafiti alipokunja karatasi yake, mama akamuuliza, "Na kesho utarudi kuniuliza tena?"