Zawadi Aliyopewa Zuhura

Nazi iliyosafiri sana ina harufu yake. Haijaoza, lakini mafuta yake yamechoka, na ukishaikuna inakushika viganjani mpaka kesho yake, uoshe usioshe. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Ibra, ingawa wenyeji wa Ibra wangeshangaa kunisikia, maana kwao mji ule unanukia tende zinazochemshwa katika masufuria makubwa ya shaba na udongo uliopitiwa na maji ya falaji, ile mifereji ya kumwagilia mitende. Na mimi nazikumbuka tende hizo, nakumbuka moshi wake na nyigu wake. Lakini nikifumba macho nikajirudisha katika msimu ule wa kwanza, tulipotoka Unguja tukaja Omani, tukafikia nyumba ya udongo aliyotuachia babu yetu tusiyemjua, kinachonijia puani ni nazi za gunia. Kwa hiyo msinilaumu kwamba nilipotafuta zawadi ya dada yangu, pua ndiyo iliyonitangulia.

Dada yangu ni Zuhura. Msimu ule yeye alikuwa na miaka kumi na mimi sita. Unguja alikuwa anasoma, na akisoma kweli, si wale wa kwenda shule kwa sababu wenzao wanakwenda. Mama alikuwa akijisifu naye kwa majirani mpaka Zuhura mwenyewe akijificha chumbani kwa haya. Tulipofika Ibra Mama akaumwa mgongo, akalala kitandani na hakuinuka msimu mzima. Baba alipata kazi serikalini huko Mudhaibi, akawa anakuja Alhamisi anaondoka Ijumaa jioni. Ndani ya nyumba tulikuwa sisi watatu, Mama kitandani, Zuhura jikoni, na mimi nikizurura baina ya hao wawili. Mama chakula cha Kiomani hakikumpita kooni. Alitaka mchuzi wa tui, wali wa nazi, na alivyokuwa akidhoofika nani angemkatalia? Shida ilikuwa kwamba mbuzi yetu ya kukunia nazi ilibaki Unguja, kwa hiyo Zuhura alikuwa akizikwangua nazi kwa kisu, anajikata, anafunga kitambaa, anaendelea.

Basi Alhamisi moja Baba akaja na gunia la nazi alizoagiza bandarini Sur, na juu ya gunia vitu viwili. Kimoja mkoba wa shule wa ngozi ya bandia, rangi ya kahawia, wenye kifungo cha chuma. Cha pili mbuzi mpya, aliyochongewa na seremala mmoja wa majahazi huko Sur, mtu aliyepata kuishi Unguja na akakijua kitu chenyewe. Ilikuwa ya msaji, miguu yake ikipishana kama mkasi, na ulimi wa chuma wenye meno umetokeza mbele. Skuli ya wasichana ilikuwa ndiyo kwanza inafunguliwa, na Baba akasema mkoba ni wa Ruqaya, yaani mimi, na hii mbuzi ni ya mwanangu mkubwa. Mimi nikaangua kilio. Niliona nimepunjwa. Mbuzi ilikuwa kubwa, inanuka mbao mpya, inakunjwa na kukunjuliwa, unaikalia, ina meno. Mkoba haukuwa na chochote ndani. Nililia mpaka Mama akauliza kutoka kitandani nani kafa. Zuhura alisema ahsante Baba, akaikunjua, akanipakata juu yake mpaka nikanyamaza.

Namkumbuka jirani yetu Bi Shamsa, mwanamke wa Ibra, mkarimu kupita kiasi, alipokuja kumtazama Mama akaikuta mbuzi imekunjwa sakafuni. Hajapata kuona kitu kile maishani mwake. Alidhani ni kile kibao cha kuwekea msahafu, maana kwa mbali vinafanana, akatukemea kwa kuitupa chini, akaipangusa kwa shela lake na kuipandisha kwenye shubaka la ukutani, ikiwa bado na chicha kwenye meno. Zuhura alitoka nje mbio. Nilimkuta ameegemea mtende, anacheka machozi yanamtoka. Nikikumbuka siku hiyo na mimi hucheka peke yangu, hata nikiwa ndani ya gari.

Nilipoanza skuli, kila nikirudi nilikaa karibu naye na kitabu changu nikimsomea kwa sauti huku yeye anakuna. Alif arnab, sungura; ba batta, bata. Macho yake yalikuwa kwenye kitabu, mikono kwenye nazi. Nikiruka neno alisimamisha mkono akasema, "Rudi." Nikirudi, mkono ukaendelea. Niliyakumbuka hayo miaka yote kama raha tupu, mimi na dada yangu, nazi na kitabu. Mama hakupona sawasawa, na alipofariki Zuhura alikuwa na miaka kumi na tano. Mwaka uliofuata akaolewa Sur, upande wa Aija. Mimi nikaendelea kusoma mpaka nikawa mwalimu, na nimestaafu juzi tu.

Mwaka huu binti yake, Maryam, akanitumia ujumbe wa sauti. "Khalti, Mama anatimiza sitini. Tunafanya sherehe, kila mtu alete kitu ya zamani. Kitu ya Zinjibar, Mama afurahi." Kiswahili chao ndicho hicho, na bora wanacho. Nilijua papo hapo nitaleta nini, na nilitaka hasa afurahi, kwa sababu sukari imemharibu. Macho yamekwisha, figo nazo daktari ameshazitilia shaka, na hakuna kati yetu aliyekuwa akijidanganya kwamba tutamfanyia sherehe ya sabini. Mbuzi yetu ilipotea nyumba ya Ibra ilipoporomoka. Nikatafuta kila nilipodhani, mwisho nikaenda Nizwa, kwenye maduka ya vitu vya kale, na huko nikaiona moja kama ile imetundikwa ukutani baina ya majambia. Kijana mwenye duka akaniambia ni kibao cha msahafu. Nikamuuliza, na huu ulimi wa meno? Akafikiri kidogo, akasema ni wa kutundikia taa. Bi Shamsa, Mungu amrehemu, kumbe hakuwa peke yake. Nilitoka pale nimejaa furaha, na njia nzima mpaka Sur nilikuwa nikipanga nitakavyomsimulia.

Wengine walileta kanga, marashi, santuri ya taarabu ambayo hakuna tena wa kuipiga. Zamu yangu ilipofika, Maryam alikwisha kuinua simu anapiga picha. Nikamwekea Zuhura mbuzi mapajani. Haoni, kwa hiyo alipapasa. Akapita kwenye ubao, kwenye miguu, akafika kwenye ulimi wa chuma na kuyagusa meno kwa kidole gumba. Wote walipiga makofi. Yeye akatabasamu upande wa simu, kwa adabu, kisha akanivuta mkono nikainama.

"Hii ndiyo niliyopewa siku uliyopewa mkoba," akasema.

Nikamwambia, "Niliilia, Da Zuhura. Niliitaka mimi."

"Najua. Tulilia sote siku ile. Ila wewe ulisikika."

Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana sina la kufanya. Angenigombeza ningeomba radhi. Nimwombe radhi ya nini, ya kuwa na miaka sita? Baba hayupo, Mama hayupo, na hata wangekuwapo, Mama angekula nini? Yalipokuja madarasa ya watu wazima yeye alikuwa na watoto wadogo, na watoto walipokua macho yakaanza kwenda. Siku hizi tui linauzwa katika pakiti, limepangwa dukani mpaka juu. Nikipita hapo huwa nasimama, nafikiri pakiti chache tu za namna hii msimu ule zingetosha, kisha naona upuuzi wangu mwenyewe, natia moja kikapuni, naondoka.

Mbuzi ipo sebuleni kwao Aija. Maryam ameung'oa ulimi wa chuma usije ukamkata mtoto, na mjukuu, aliyeingia darasa la kwanza, anaikunjua na kuweka juu yake kitabu chake cha kusomea. Nikienda, Zuhura huniomba nimsomee hicho hicho, basi nakaa chini na goti langu bovu, naanza tena na alif. Juzi niliruka mstari. Nikaweka kidole hapo, nikimngoja aseme rudi. Alikuwa ameelekeza uso dirishani, mikono imelala mapajani, na mimi nikaendelea.