Globu Iliyowaka Kupita Siku Zote

Kuna harufu moja ambayo mpaka leo ikinifikia naweka spana chini na kutoka nje. Ni harufu ya plastiki ya waya inayoungua, imechanganyika na uchachu wa betri iliyozidiwa moto. Kwa mtu anayeishi kwa kutengeneza umeme wa magari pale Kayanga, kuikimbia harufu hiyo ni kichekesho. Wateja wangu hudhani nina kifua kibovu, na mmoja aliwahi kuniletea asali. Asali niliipokea. Kifua changu ni kizima kabisa, ila nina kaka mwenye jicho moja, na kwa kuwa wewe unayenisoma hutanikatiza, nitakueleza ilivyokuwa.

Tulizaliwa Mabira, wawili tu, Deo na mimi Adela niliyemfuata kwa miaka mitatu. Katika nyumba yetu kitu kilichoheshimiwa kuliko sisi sote kilikuwa betri ya gari. Gari hatukuwa nalo. Betri ilikuwa ya redio, na redio ilikuwa ya Tata, kama tulivyomwita baba kwa Kinyambo. Ilipoisha nguvu aliifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba za mgomba, akaisukuma hadi Nkwenda kwenye mashine ya kusaga ambako walichaji, akarudi nayo siku ya pili. Jioni majirani walikuja kusikiliza matangazo ya vifo, na Tata alikaa karibu na redio kana kwamba marehemu wote waliotajwa walikuwa wageni wake.

Kwetu kila kitu kilifungwa kwa kamba ya mgomba: kuni, mlango wa banda la mbuzi, hata kidole kilichojikata. Mtu hakuiona tena, kama asivyoiona pua yake mwenyewe.

Tata alikuwa anapiga. Neno hilo silipambi. Alikata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kwa urefu, akautundika nyuma ya mlango wa sebuleni, na ulipotua mgongoni ulitoa mlio wa nguo mbichi inayopigwa kwenye jiwe. Hakuuliza nani amekosa. Alimpiga aliyekuwa karibu, kisha aliyekuwa mbali, na akiwa anatweta alisema maneno yake yale yale, "Nitamjua tu." Watu wa Mabira walisema ni vita vya Kagera vilivyomharibu, kwamba alikwenda mgambo akarudi na kichwa kingine. Mama alisema kichwa kilikuwa kile kile, ila kabla ya vita alikuwa anachoka mapema.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, Mjomba Kasiano, kaka yake Mama, aliyekuwa dereva kwenye kambi ya wakimbizi, alituletea gari la rimoti. Mzungu mmoja alikuwa amemaliza mkataba wake, akagawa vitu vyake vyote. Lilikuwa la njano, kubwa kuliko kuku mzima, lenye matairi ya mpira kweli. Deo alilikimbiza kwenye uwanja wa kuanikia kahawa mchana kutwa, kuku wakapanda hadi kwenye paa la jiko. Jioni likanyamaza.

Chaja yake ilikuwa na meno ya kuchomeka ukutani. Ukuta wetu ulikuwa wa udongo. Basi tukafanya tulichojua: tukaitoa betri yake, kifurushi cha mapipa sita madogo yaliyofungwa pamoja kwa nailoni, tukaianika juu ya bati kama tulivyoanika betri za tochi. Siku tatu tuliigeuza pamoja na kahawa. Haikufufuka.

Hapo ndipo nilipoanza ufundi, bila kuteuliwa na mtu. Kutoka kwenye kifurushi zilitoka nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zikaishia kwenye plagi ndogo nyeupe. Nilizigusa kwa ulimi. Nilipata uchachu kidogo, kisha nilipokunja waya uchachu ukakata. Nikachungulia ndani ya plagi nikaona jino moja la shaba limerudi nyuma, halifiki kwenye mwenzake. Nililivuta mbele kwa sindano ya kushonea mikeka, na gari likatembea hatua nne. Deo alinibeba mgongoni akazunguka nyumba. Nakuambia ukweli, sijawahi kulipwa kazi yoyote nikafurahi kiasi kile.

Nguvu iliyobaki iliisha siku hiyo hiyo. Mjomba alipopita tena alitupa globu ya taa ya nyuma ya gari. "Msiupeleke umeme wa betri kubwa moja kwa moja, utaua hii ndogo," alisema. "Upitisheni kwenye globu kwanza. Ikiwa na njaa globu itawaka. Ikishiba globu itafifia." Hakuuliza hiyo betri kubwa tutaitoa wapi. Alijua, na nadhani hakuwa anampenda sana shemeji yake.

Kwa hiyo kila mara Tata alipokwenda kunywa rubisi, pombe ya ndizi, kwa majirani, mimi nilichomoa nyaya za redio na kuchaji. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kupitia kwenye globu kisha nyeusi. Globu iliwaka rangi ya chungwa lililoiva, nasi tukakaa mbele yake kama watu wanaoota moto, tukingoja ififie. Mara nne tulifanikiwa.

Mara ya tano tuliinyonya betri kubwa kupita kiasi, na jioni redio ilikata katikati ya matangazo ya vifo. Jina la marehemu lilikuwa limeshatajwa nusu, na majirani wakabaki wanatazamana. Tata aliinuka akaufunga mlango wakiwa bado wanatoka. Deo alisema ni yeye aliyechajia gari, kabla sijafungua mdomo. Tata hakumwamini, na mpira ule ulimpiga mpaka akajikojolea, kijana wa miaka kumi na minne aliyekuwa ameanza kuota ndevu. Mama alipomshika Tata mkono alisukumwa akaangukia mafiga. Mimi nilikuwa chini ya kitanda, ngumi mdomoni. Sikutoka.

Wiki hiyo Tata alitengeneza sanduku la mbao, akaiweka betri ndani, akatia kufuli. Nyaya mbili tu zilitokea kwenye tundu ubavuni, nyekundu na nyeusi, na nyeusi ilikuwa imezungushiwa kamba nyembamba ya mgomba. Niliiona kamba hiyo. Nilidhani amefunga mahali palipochunika. Siku zote hizo hakutupiga hata kofi, na aliimba nyimbo za kanisani akipogoa migomba. Tulidhani amesahau.

Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, alisema mguu unamuuma. Tuliporudi hakuwepo nyumbani, na Mama akaenda jikoni kumenya ndizi. Nikamwambia Deo huo ndio wakati.

Redio niliikuta imeshachomolewa. Niliunganisha kama kawaida, nyekundu kwa nyekundu. Globu ikawaka, lakini siyo rangi ya chungwa. Iliwaka nyeupe, ikaangaza mpaka pembe ya chumba palipolala majembe. "Leo inakula vizuri," nilisema. Deo aliinama kuitazama kwa karibu, akitabasamu, kifurushi cha betri kikiwa kati ya mikono yake. Tulikaa hivyo muda wa kutosha kuimba wimbo mmoja. Kisha nikasikia harufu ile, na Deo akasema, "Mbona imekuwa ya moto," na kabla sijavuta waya mapipa mawili yakapasuka.

Mlio haukuwa mkubwa. Deo alikaa chini, mikono usoni, na kati ya vidole vyake kulikuwa na damu na maji meupe yaliyokuwa yakitoa povu.

Tata aliingia papo hapo. Hakuwa kwa majirani, alikuwa nyuma ya nyumba kwenye migomba, ameketi anangoja, na mpira alikuwa nao. Alisema, "Nimemjua," akaanza. Alimpiga Deo mgongoni, kichwani, kwenye ile mikono iliyoziba jicho. Nilimwambia, "Tata, jicho, Tata, jicho," akanipiga mimi mdomoni, jino likatoka, akamrudia Deo. Deo hakuwa analia. Alikuwa anajikunja akitafuta ukuta kwa kichwa, asiuone.

Mama aliingia na mchi wa kutwangia. Wala hakupiga kelele. Aliuinua kwa mikono yote miwili namna alivyouinua kila siku ya maisha yake, akaushusha kwenye mkono wa Tata, na mfupa ukalia. Akauinua tena. Tata alipiga magoti kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni akitazama mkono wake unavyoning'inia, na Mama akaushusha begani. Mara ya tatu ni mimi niliyemshika Mama miguu, maana safari hiyo alikuwa analenga kichwa. Mama yule alikuwa mtu wa kuamkia kila mpita njia, na nilimwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa Tata.

Mjomba ndiye aliyewapeleka wote wawili hospitali, baba na mwana, kwenye gari moja. Mkono ulifungwa ukaunga vibaya. Jicho la kulia la Deo halikupona, wakalitoa.

Sasa nikueleze kilichonitafuna mimi. Watu walipokuja kutupa pole na kuuliza imekuwaje, Tata, mkono shingoni, alijibu kila mmoja kwa sauti ya upole, "Adela alifunga waya kinyume." Hakusema zaidi. Wenye redio walielewa, walitikisa vichwa. Nami niliamini. Nilikumbuka nyekundu kwa nyekundu, lakini mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyeng'olewa jino anakumbuka nini? Pale shuleni niliitwa Mtoboa Jicho. Mama aliniambia, "Mwanangu, ulikuwa mtoto, Mungu hakuhesabii," na kila alipolisema hilo kwa huruma yake nilizidi kuumia. Deo hakunilaumu hata siku moja, na hilo nalo nililiona ni adhabu.

Nadhani nilisomea umeme ili nijue nilikosea wapi. Mwaka wa kwanza wa chuo cha ufundi mwalimu alituonyesha: ukiunganisha betri mbili kinyume, nguvu zake hujumlishana badala ya kupingana, na globu iliyo katikati huwaka sana. Darasa zima liliandika. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje. Kumbe globu ilikuwa imeniambia, ikaniambia kwa sauti yake yote, nami nikasema inakula vizuri. Basi nikajua kwa uhakika kwamba waya ulikuwa kinyume, na kwamba ni mimi.

Nilibeba hivyo mpaka mwaka mmoja baada ya kumzika Mama. Nilikwenda Mabira kumsafishia Tata stoo. Alikuwa mzee sasa, mkono umepinda, anahitaji kufungiwa vifungo vya shati. Nyuma ya magunia nikakuta lile sanduku, kufuli limeota kutu. Tangu siku ile hakuna aliyelifungua. Redio ilihamia kwenye betri za kawaida, na hakuna aliyehoji kwa nini. Nilikata kufuli kwa koleo la kukatia chuma, kwa udadisi wa kazi tu, nikafunua.

Waya mwekundu ulikuwa umefungwa kwenye kichwa cha hasi. Mweusi ulikuwa kwenye chanya. Zote mbili zilikazwa vizuri sana, kazi ya mtu asiye na haraka. Na kamba ya mgomba ilikuwa bado kwenye ule mweusi, imekauka, alama ya kumkumbusha mwenyewe kwamba huu ndio uende kwenye nyekundu ya redio. Alama ambayo hakuna mtu wa kwetu angeitilia shaka.

Nilitoka na koleo mkononi. Alikuwa barazani anaota jua. Nikamwambia, "Tata, ulizigeuza."

Hakuuliza nini. Akitazama migomba, alisema, "Nilitaka kuua gari tu. Life, halafu nimjue."

"Na ulipoona jicho?"

"Nilikuwa nimeshaanza," alisema.

Koleo lile lina uzito wa kutosha. Niliuona utosi wake wenye mvi chache, nikahisi mabega yangu yanapanda yenyewe namna yalivyopanda ya Mama, na nikaelewa kwamba mimi ni mtoto wa hawa wawili, siyo wa mmoja. Niliupiga ukuta, karibu na sikio lake, udongo ukamwagikia begani. Akajikunja, akaziba uso kwa ule mkono wake uliopinda, akawa anatafuta ukuta kwa kichwa. Nilikuwa nimeshaona mtu akifanya hivyo. Nikaliweka koleo chini, nikamfunga vifungo vya shati, maana kulikuwa na baridi, nikaondoka bila kumuaga.

Deo anauza mbao Nkwenda. Nilimkuta anapima ubao, kichwa ameinamisha upande kama afanyavyo ili jicho lake lione vizuri. Nikamweleza yote, kufuli, nyaya, kamba. Nililia, na nilikuwa na hasira pia, kwa sababu nilitaka naye akasirike, aende huko akavunje kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipangusa vumbi la msumeno mikononi.

"Kwa hiyo siyo wewe," alisema.

"Siyo mimi."

"Mimi sikuwahi kusema ni wewe." Akaugeuza ubao. "Ile globu, Adela. Ulivyoiwasha siku ile. Ndicho kitu cha mwisho nilichokitazama kwa macho mawili, na mpaka leo nikifumba hili moja naiona. Sijawahi kuona taa nzuri namna ile."

Kisha akaniomba nimshikie ubao upande wa pili, ili akate.