Mji Uliposimama Nami Nikapita

Huku kwetu Lubumbashi baiskeli tunaiita kinga, na mimi nilikuwa fundi wa kinga. Kibanda changu kilikuwa Katuba, kando ya barabara iendayo mjini. Wateja wangu walikuwa na utani mmoja ambao hawakuuchoka hata siku moja: fundi wa kinga gani huyu, mwenyewe anatembea na miguu? Tena afadhali angetembea. Anakimbia! Waliniuliza nani ananifukuza. Niliwajibu kwamba nawakimbia wao na pancha zao, tukacheka, nikaendelea kubandika viraka.

Ukweli ni kwamba nilipenda mbio ndefu kama wengine wanavyopenda pombe. Kuna watu wanakimbia ili wafike. Mimi kufika kulinisikitisha. Alfajiri nilitoka Katuba, nikakata katikati ya mji, nikashika barabara ya Luano hadi karibu na uwanja wa ndege, kisha nikageuka. Moshi wa tanuru la kuyeyushia shaba uliniwasha koo pale mwanzoni, halafu upepo uligeuka na kifua kikafunguka. Baada ya mwendo mrefu maumivu yanachoka yenyewe, yanakuacha, unabaki wewe na pumzi yako. Sikuwa na klabu wala kocha. Viatu vyangu vilikuwa vya turubai, soli nilizishonea mpira wa tairi. Mke wangu alikuwa akiniambia: "Simba mwenda pole ndiye mla nyama." Nikamjibu kwamba mbona simba wa pole sokoni hawali hata maharagwe.

Maana hali ilikuwa imeshakuwa mbaya, tusidanganyane. Redio ilisema bei ya shaba imeanguka Ulaya. Sikuelewa kitu kinachoanguka Ulaya kinawezaje kumpasua mtu kichwa Katuba, lakini kilitupasua. Mkoa wetu walikuwa wameubatiza jina la Shaba, na sisi tuliolala juu ya shaba yote hiyo tulipikia katika makopo. Majina yetu ya ubatizo walitunyang'anya, tai za shingoni wakapiga marufuku, wakatufundisha kuitana sitwayeni, raia, hata na mtu aliyekuwa anakupokonya kuku. Jumamosi tulikwenda kufyeka majani kwa amri, na siku za sherehe wafanyakazi wazima, watu wenye wajukuu, waliamrishwa kucheza na kukata viuno wakimsifu Mkuu wa nchi. Nami nilicheza. Nani angekataa? Lakini alfajiri, barabara ya Luano, hakuna aliyenichezesha.

Kitu kimoja tu kilinifuata hata huko. Bendera. Asubuhi ilipopandishwa na jioni ilipoteremshwa, filimbi ililia, na kila kilichokuwa na uhai kilisimama. Magari yalizima, mama mwenye beseni la mihogo kichwani aligeuka gogo, mimi na bisibisi yangu mikono ikashuka mapajani. Ukijikuna, umejitafutia. Wachekeshaji wa Katuba walisema hata mbuzi wetu wamejifunza. Kwa hiyo nilipanga mbio zangu ili niwe nimerudi kabla ya filimbi ya asubuhi, kwa sababu mkimbiaji yeyote atakuambia: mwili uliochemka ukiusimamisha ghafla, unakuwa ubao.

Mwaka ninaousimulia, mke wangu alianza kuvimba miguu. Kwanza tulisema ni kusimama sana sokoni. Halafu pumzi ikawa fupi, akawa analala ameketi, ameegemea ukuta. Mtawa wa zahanati alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akaniita nje. Moyo umepanuka, alisema. Dawa zake ziko hospitali ya Kampuni, na daktari wa moyo yuko huko huko. Kampuni, maana yake ile ya migodi, iliwatibu watu wake na wake zao na watoto wao. Fundi wa kinga hakuwa mtu wake. Nilikwenda hadi getini, nikaomba, nikatukanwa kwa adabu, nikarudi.

Ndipo ikatangazwa maratoni. Chama na Kampuni waliiandaa kwa sikukuu ya Chama: kilomita arobaini na mbili, kuanzia upande wa Kinsevere kule kaskazini hadi mbele ya jukwaa la wakubwa mjini. Mshindi atapewa kikombe, na kama si mtu wa Kampuni, ataajiriwa katika timu yake ya riadha. Kuajiriwa! Sikusikia neno jingine. Mshahara wabaki nao. Mimi nilitaka kadi tu, ile ambayo mke wa mfanyakazi anaionyesha getini na geti linafunguka.

Nilimwambia usiku huo. Alikuwa ameegemea ukuta, anapumua kama mtu aliyepanda kilima.

"Utabashinda bale batoto?" akaniuliza. "Weye muzee?"

"Miye muzee naweza kukimbia mpaka kesho."

"Haya, baba," akasema. "Lakini urudi."

Siku yenyewe tulipakiwa lori kukiwa bado giza. Mbio zilipangwa kuanza asubuhi, kukiwa na baridi. Aa, wapi! Wakubwa waliotakiwa kupiga bastola ya kuanzisha mbio hawakuwa wamefika. Tukakaa. Jua likapanda, likatutazama utosini, likaanza kuinama. Wengine walikula maandazi yote waliyokuja nayo. Msafara ulifika alasiri, magari meusi yakiwa na vumbi, hotuba ikasomwa, nyimbo zikaimbwa, tukapiga makofi.

Mzee mmoja wa waamuzi, mwenye saa ya mkononi, alikuwa akiitazama saa hiyo na kutikisa kichwa. Nilimkaribia, nikamuuliza kuna nini.

"Piga hesabu wewe mwenyewe," akaninong'oneza. "Watakaotangulia watafika mjini saa ngapi?"

Nikapiga hesabu. Watakaotangulia wangefika mjini wakati ule ule wa kuteremsha bendera.

"Si uwaambie?"

"Niwaambie nini? Kwamba bendera itatuharibia mbio?" Akaondoka upesi, kana kwamba ni mimi niliyesema.

Na kila mtu pale alijua. Nilizitazama nyuso za waamuzi, za madereva, za wakimbiaji wenye akili: walijua wote. Ingetosha mtu mmoja afungue mdomo, tupunguze njia au tungoje kesho. Lakini kusema hivyo ni kusema bendera ni kikwazo, na watu walikuwa wamepotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Basi tukaanza mbio ambazo sote tulijua zina shimo mwishoni.

Siwezi kuwadanganya, zilikuwa mbio nzuri kuliko zote nilizowahi kukimbia. Vijana walitoka kama ng'ombe waliofunguliwa, nikawaacha waende. Njia ile ni nyekundu, vichaka pande zote, na upepo wa kiangazi ulikuwa nyuma yetu. Mmoja mmoja nikaanza kuwaokota: huyu ameshika mbavu, huyu amekaa chini, huyu anatapika maandazi yake. Tulipoingia mjini mbele yangu walibaki wawili, vijana wa Kampuni, wenye viatu vya kweli. Kadi za hospitali walikuwa nazo tayari. Walikuwa wanakimbilia kikombe.

Watu walikuwa wamejaa kando ya barabara wanapiga kelele. "Muzee! Muzee!" Nilikuwa nimeshaona utepe kule mbali, na jukwaa, na bendera juu ya jukwaa. Miguu ilikuwa imeshapita pale pa maumivu. Nilijua nitawapata wale vijana, kama ninavyojua pancha kwa kusikiliza tu.

Filimbi ikalia.

Kelele zote zilikatika. Wale vijana wawili walisimama papo hapo, mikono mapajani, vifua vikipanda na kushuka, mmoja akiyumba. Nyuma yangu viatu vyote vilinyamaza. Bendi ikaanza wimbo wa taifa. Na mimi nilikuwa bado nakimbia.

Watu wameniuliza maisha yangu yote kwa nini. Wengine wanataka niwe shujaa, wengine wanataka niwe mjinga. Nilijua nikisimama miguu hii haitaondoka tena. Wale vijana wangepumzika wakaondoka, mimi ningebaki pale kama mti. Hilo ni kweli. Lakini sikulipima. Nilipita katikati yao, na yule aliyekuwa akiyumba akasema bila kufungua meno: "Simama, muzee, batakuua."

Mji mzima ulikuwa umesimama. Mama mmoja alikuwa na machungwa mkononi, ameyashika hewani. Polisi alinitazama kwa macho tu, maana na yeye hakuruhusiwa kugeuza shingo. Nilisikia viatu vyangu, mpira wa tairi juu ya lami, pa, pa, pa, chini ya ule wimbo. Hakuna aliyeweza kunizuia, na hakuna aliyeweza kunishangilia. Wawili walioshika utepe walikuwa wima, machozi yakimtoka mmoja wao kwa woga. Niliukata utepe kwa kifua, bendera ikiwa bado nusu mlingoti. Kisha niliketi chini, nikangoja wimbo uishe.

Ulipoisha walikuja kunichukua. Kikombe alipewa yule kijana aliyeniambia nisimame. Niliambiwa baadaye kwamba hakuinua mikono kushangilia.

Nilikofungiwa sitawasimulia sana. Ulikuwa mwaka wa vita, watu wenye silaha walikuwa wamevuka kutoka upande wa Angola, na wale jamaa wa usalama waliona maadui hata ndani ya sufuria. Nani alikutuma? Nani alikulipa? Nilisema nilitaka kadi ya hospitali. Walicheka sana. Halafu mkubwa wao akasema kwamba kosa si la kichwa, kosa ni la miguu, basi tuisemeshe miguu. Walinilaza kifudifudi, wakanichapa nyayo kwa waya wa umeme. Walirudia siku nyingine, na nyingine. Kuna mifupa midogo ndani ya wayo ambayo mtu haijui mpaka ivunjike. Nawachukia hadi leo, na padri amechoka kuniambia nisamehe.

Waliniachia kwa sababu walihitaji nafasi ya wengine. Nilifika nyumbani kwa kushikilia kuta za watu. Mke wangu alikuwa pale pale alipokuwa, ameegemea ukuta, ila tumbo nalo lilikuwa limejaa maji na uso umekuwa wa kijivu. Dada yake alikuwa akimlisha uji. Aliitazama miguu yangu kwa muda, kisha akamwambia dada yake atoke.

Nikaanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kule ndani: kwamba ningesimama, labda ningepata hata nafasi ya tatu, labda wangenionea huruma, labda.

"Acha ile," akanikata. "Bantu ba soko banasema muji muzima ulisimama, weye peke yako ukapita. Njo kweli?"

"Njo kweli."

"Nieleze."

Nikamweleza. Alifumba macho akisikiliza, mama wa machungwa, polisi, viatu vyangu juu ya lami. Nilipomaliza alitafuta pumzi.

"Ulisikia raha?"

Nikazitazama nyayo zangu.

"Sema kweli, baba. Miye nakujua."

"Raha sana," nikasema, na nilikuwa nalia. "Sijawahi kusikia raha kama ile."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi mumoja wetu alipata kintu," akasema.

Hakusema kwa uchungu. Nimeigeuza sauti ile miaka yote, sijapata uchungu ndani yake. Kila jioni tangu siku hiyo aliniambia nimweleze tena, na nikisahau kipande, alinikumbusha.

Mvua zilipokaribia tulimpeleka hospitali ya serikali kwa mkokoteni wa jirani. Chumba kilikuwa cha watu wengi, vitanda viwili kwa wagonjwa watatu, na kila kitu unajinunulia: pamba, glovu, hata uzi. Asubuhi ya siku ya tatu pumzi ilimkataa. Daktari kijana alikuja mbio, akasema dawa ya kutoa maji anayo chupa moja, lakini sindano hana. Duka la dawa lilikuwa kule chini, karibu na posta.

"Nenda upesi," akaniambia. "Kimbia."

Nikatoka. Njia ile ilikuwa fupi sana, zamani nisingeihesabu hata kuwa njia. Nilijaribu. Mungu ni shahidi wangu, nilijaribu kukimbia pale pale mlangoni, nyayo zikakataa, nikaanguka mbele ya watu. Mlinzi aliniinua. Nikatembea. Nilitembea kwa visigino, nikishika miti, nikishika kuta, watoto wa shule wakinipita wakicheka. Nilinunua sindano, nikaifunga ndani ya kitambaa, nikageuka, nikaanza tena kutembea.

Niliporudi, kitandani pake palikuwa na mtu mwingine, peke yake.