Jiwe Lililoharibu Picha

Kaburi la mwimbaji mashuhuri lina vigae vyeusi, sanamu ya shaba na wageni tangu lango linapofunguliwa. Ubavuni mwake, karibu mno, limesimama jiwe la saruji la kaburi la dobi mmoja. Kila anayempiga picha mwimbaji huondoka na dobi.

Kwa sababu hiyo msimamizi wa makaburi aliamua jiwe lile ling'olewe, mahali pake pawekwe kibao cha kulala chini. Alimweleza binti wa dobi huyo, fundi cherehani ambaye mtaani wanamwita Mama Pindo, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Mama yako hatumgusi, dada. Tunalilaza jiwe tu."

"Aliyelala ni mama. Jiwe liache lisimame."

Vibarua wawili walipofika na mtaimbo, walimkuta ameketi chini, mgongo ameuegemeza kwenye jiwe, gauni la mteja mapajani, anashona.

"Shikamoo, mama. Tupishe kidogo."

"Marahaba. Hicho kidogo chenu nakijua, wanangu."

"Sisi tumetumwa tu."

"Najua. Mjumbe hauawi. Kaeni kivulini, aje aliyewatuma."

Alikuja, na nyuma yake likaja kundi la wageni. Mwanamke mwenye kofia pana akauliza kama yule aliyeketi ni ndugu wa mwimbaji.

"Jirani," akajibu Mama Pindo bila kuinua macho. "Wenu aliimba, wangu alifua. Wote waliingizwa kwa lango lile lile."

Wageni wakacheka. Msimamizi hakucheka.

"Unaniharibia kazi. Watu wametoka mbali kumwona mtu mkubwa."

"Nimewaziba macho?"

"Jiwe linaingia kwenye picha."

"Si wasogee kushoto."

Mwenye kofia akasogea kushoto, akapiga, akaitazama picha yake. Jiwe limo bado, na safari hii na Mama Pindo pia. Akapiga nyingine papo hapo, kwa makusudi.

Kibarua mmoja akageuka pembeni kuficha kicheko. Msimamizi alimwona. Akaagiza mtaimbo urudishwe stoo.

"Nitarudi kesho," akasema.

"Karibu. Nina nguo za harusi nzima za kushona, na hapa pana mwanga mzuri kuliko kwangu."

Akakata uzi kwa meno, akaligeuza gauni, akaanza upande wa pili.