Redio Mbili za Marehemu

Wanaosema mume wangu alitumbukia korongoni kwa ulevi na wakome. Fundi saa yule hakuwahi kuonja pombe. Alipenda kututembeza milimani, na kila safari alibeba redio mbili za mkononi: moja yake, akitangulia kukagua njia, nyingine yetu sisi tuliobaki garini.

“Ukimaliza kusema, achia kitufe,” alitukumbusha kila mara. “Ukikibana, hunisikii.”

“Shemeji, kwa domo hilo lako,” mdogo wangu alimtania, “sisi tutapata wapi nafasi ya kukibana?”

Siku ile aliteleza akaanguka. Najua alituita. Lakini mmoja wetu alikuwa ameikalia redio yetu bila kujua, kitufe kimebanwa, na sauti ya marehemu haikuweza kuingia. Kaka yake, aliyekuwa akimfuata nyuma kwa miguu, alipomfikia, alikuwa ameshakata roho. Redio ilikuwa mkononi mwake, na ndani yake sisi tulikuwa bado tunacheka.

Sasa watu wananiuliza ni nani aliyeikalia. Garini tulikuwamo mama yake, wanawe, mdogo wangu na mimi. Sote tulimpenda. Jina silitaji, na asiniulize mtu tena.